Juu ya Kiti cha Mkwe

…na hili lisitoke hapa, lamba kidole kwanza uinue juu, ndivyo alivyomwambia Justa juzi kwenye foleni ya mashine ya kusaga, na Justa, jirani yake wa miaka yote, akalamba kidole, akakiinua, akasema haki ya Mungu mama Hellen, nikisema nikatike ulimi, ndipo Wilhelmina akamwaga yote palepale kati ya madebe ya mahindi, kwamba mkwe wake Mashimba, huyohuyo mpole wa kutembea ameinamisha kichwa, ana mwanamke wa pili huko Busisi ng'ambo ya daraja, na mahari ameshaimaliza, bado kuandikishana tu, na kabla unga wa Justa haujapoa alikuwa ameshawaapisha wengine wawili kwenye foleni ileile, kisha jana akamwongeza Zahabia wa duka la vitambaa, asiyemjua Mashimba hata kwa sura lakini alilamba kidole chake kwa adabu kuliko wote… basi pamoja na wengine saba wa njiani wamefika kumi na mmoja, na ukimtoa Zahabia wote wamesimama hapa uani kwa Mashimba asubuhi hii ya Jumamosi, vichwa chini, macho wamefumba, kila mmoja ameunyoosha mkono wake wa kulia kuelekea lile dude jekundu, pikipiki ya magurudumu manne, linalonguruma katikati yao, wanaliombea, na Wilhelmina peke yake macho yako wazi, anawahesabu, anaangalia nani anatingisha mguu na nani anamwangalia Mashimba kwa pembe ya jicho, hakuna, wamefumba kweli, hata Justa, hasa Justa, uso umetulia kama wa mtu asiyejua lolote, mwanamke huyu anajua kujificha… Ee Bwana tunakushukuru kwa magurudumu haya, anasema katekista Obedi mbele kabisa, uso ameuelekeza kwenye mawe ya Mkolani na mikono juu, manne Bwana, siyo mawili, umetupa manne, tunaomba kila moja ulitazame kwa nafasi yake, tunaanza na la mbele kushoto… Yesu na Maria, ataombea moja moja, na huyu akianza hamalizi, ndiye aliyesema injini isizimwe, eti baraka iingie chombo kikiwa kinafanya kazi, ikiombewa imezimwa baraka inabaki juu ya rangi, na Mashimba akacheka kidogo, akazungusha ufunguo, akarudi nyuma hatua sita, saba, kwa sababu yeye Wilhelmina alikuwa ameshapewa nafasi ya heshima ubavuni kwa chombo, na mahali alipo mama mkwe yeye hasogei.

Miaka tisa hasogei, hilo hawezi kumnyima, adabu anayo, tangu alipotoa ng'ombe kwa ajili ya Hellen hawajawahi kushikana mikono, akimwona anakuja njiani anaingia kwenye majani mpaka apite, anamwamkia kutoka mbali, shikamoo mama, marahaba baba, basi, na kiti alichokalia yeye Wilhelmina hakikalii hata kikilala nje siku mbili, ndivyo walivyofundishwa wote wawili, kwamba mkwe na mama mkwe hawachangii kiti wala kitanda, na hapo ndipo hili dude lilipomtia kidonda, kwa sababu kiti chake ni kimoja, kirefu, ngozi moja toka mbele mpaka nyuma, anayeendesha na anayepakiwa wamekaa juu ya ngozi hiyohiyo… Tangu lishuke kwenye lori wiki tano zilizopita, na maandishi meupe NGOSHA, mwanaume kwa Kisukuma, ameyapaka mwenyewe juu ya madigadi ya mbele, Mashimba amepakia Mkolani nzima, amempakia katekista kwenda kigangoni, Justa na gunia lake la pumba, mpaka ndama mgonjwa amefungwa kama mzigo wa kuni amepanda, na siku ya kwanza alilipandisha lile jiwe la nyuma ya nyumba ya Justa, jiwe ambalo hata mbuzi wanafikiria mara mbili, matairi yale yenye meno yakauma mwamba, dude likainuka pua juu kama linataka kunusa mbingu, watoto wanapiga kelele, likafika juu, likasimama pale linatetema, na Wilhelmina alisimama chini ameshika kiuno, mdomo umebana, akasema hilo linaua mtu, akaingia ndani kwake, akakaa kitandani, magoti yanamcheza, na hayakuwa yanacheza kwa hofu, lakini hilo hajamwambia mtu, hilo hata kwa kidole cha kulamba hatamwambia mtu… la nyuma kulia Bwana, anasema Obedi, ambalo ndilo linalobeba uzito…

Uzito, hapo sasa, uzito wa nani, maana Mashimba alisema analinunua kwa ajili ya maziwa, ng'ombe wake wako Usagara kwenye mbuga, mvua ikinyesha ule udongo mweusi unanasa kila kitu, pikipiki inazama mpaka injini, basi akasema hili litapita, na kweli linapita, Jumatatu anarudi na matairi meusi, Jumatano meusi, lakini Alhamisi, na yeye Wilhelmina ni mtu wa kuangalia, darasa la nne alikomea lakini macho hayakukomea popote, Alhamisi matairi yanarudi meupe, mchanga, na katikati ya meno ya tairi wiki ya kwanza alichokoa kwa kijiti akapata kigamba cha konokono wa ziwani, kidogo kama kucha ya mtoto, Usagara kuna konokono gani wa ziwani, nani anakamua ng'ombe ufukweni, na tena sehemu ya nyuma ya kiti, ya abiria, siku nyingine imejaa vumbi mpaka unaweza kuandika jina lako, Alhamisi imefutika, imeng'aa, umbo la makalio limekaa pale kama muhuri, makalio ya mwanamke, mwanaume hakai hivyo… Halafu simu, simu ndiyo iliyomaliza, alikuwa anaanua nguo kwake upande wa pili wa ukuta, na Mashimba hajui kuongea na simu, anaipigia kelele kama vile Busisi watamsikia bila mtambo, akasema ile mahali ya Busisi tumeimaliza, nzuri sana, bado kuandikishana tu, lakini mama asijue kwanza, nakuomba, mama asijue. Mahali. Mtu mwingine angesikia mahali akaenda zake, lakini Wilhelmina amekaa na Wasukuma wenzake tangu azaliwe, anajua Mashimba hana r kinywani, ile herufi hakupewa, habari kwake ni habali, barabara ni balabala, gari ni gali, na siku ya ndoa yake padri alimrudisha mara tatu kwenye neno raha, kwenye raha na taabu, yeye laha, laha, kanisa lote linauma midomo, sasa mtu kama huyo akisema mahali imekwisha na bado kuandikishana, unamrudishia r yake mwenyewe, unapata mahari, haihitaji kwenda shule.

Na Hellen amesimama pale karibu na mlango wa jiko, macho amefumba, ananenepa, mwanamke anayeletewa mwenzake hapaswi kunenepa, anaimba akifua, anatabasamu na sufuria, hajui lolote mtoto wangu masikini, kila Alhamisi anamletea Wilhelmina watoto wawili, mama niangalizie naenda mazoezi ya kwaya, anakwenda kuimba huku mume anakwenda zake ufukweni… leo inakwisha, leo Hellen anarudi nyumbani kwa mama yake na watoto wote wawili, nguo zao zimeshafungwa kwenye begi chini ya kitanda, alizitoa moja moja kwenye kamba akisingizia zinataka kushonwa vifungo, na shemeji Yeremia, mdogo wa marehemu mume wake, amepanda basi kutoka Magu na koti lake la mashauri na fimbo, yule pale kwenye kiti cha heshima, fimbo katikati ya magoti, Amina ikisemwa atagonga chini mara moja aseme kabla ya chakula kuna neno, na mbele ya watu wote Mashimba ataulizwa habari za Busisi… Tatizo ni Yeremia mwenyewe, alipofika tu akamvuta pembeni, akamwambia shemeji, mimi simsimamishi mkwe wa watu kwa maneno ya simu na konokono, nipe kitu cha kushika mkononi, yeye akasema sina, Yeremia akamwambia una muda mpaka Amina, ukikosa nitakula wali wangu nirudi Magu. Kitu cha kushika mkononi. Na asubuhi hii, kabla watu hawajajaa, alimwona Mashimba akitoa bahasha ya kaki ndani ya shati, akaangalia kushoto, akaangalia kulia, akaichomeka kwenye kile kiboksi kilicho chini ya usukani wa dude, akapiga kifuniko kofi, mtu mwenye moyo safi haangalii kushoto na kulia, bahasha iko pale, hatua moja na nusu kutoka mkononi mwake, na wote wamefumba, na injini inafunika kila mlio… breki Bwana, anasema Obedi, tunakuja sasa kwenye breki, maana mwanadamu anajua kukimbia lakini kusimama anasimamishwa na wewe…

Mkono mmoja aliounyoosha kwa maombi ukajinyoosha zaidi kidogo, haukufika, tairi ni pana kama ng'ombe aliyelala, na yeye ni mfupi, akasogea, akainama juu ya tairi, joto la injini likampiga kifuani, kidole kikagusa kifuniko, kikateleza, bado shibiri moja, basi akaweka mguu mmoja pale wanapokanyaga waendeshaji, mmoja tu, wa kuazima, akajiinua, na ukishajiinua juu ya kitu kinachotetema mwili unatafuta pa kukaa wenyewe, mguu wa pili ukapita upande wa pili bila kuulizwa, kitenge kikapanda, na mama Hellen wa miaka sabini na mbili akajikuta ameketi… ameketi, Mungu wangu, juu ya ngozi ya mkwe, pale pale anapokaa yeye, pa moto, shuka, shuka sasa hivi hakuna aliyeona, lakini ile tetemo ikaingia kwenye nyonga iliyomuuma tangu masika, ikapanda uti wa mgongo moja kwa moja mpaka kwenye meno, ikamkuna mahali ambapo hapajakunwa tangu Ndalahwa mume wake alipokuwa anampakia kwenye baiskeli kwenda gulioni, na kutoka hapa juu uwanja wote ni mdogo, vichwa vya watu ni vidogo, dole gumba lake limekaa lenyewe juu ya kile kidude cha kuongezea moto, akikibonyeza kidogo tu, kidogo, anapita katikati yao wote na lile jiwe analipanda… hapana, bahasha, umepanda kwa ajili ya bahasha, na abarikiwe kila atakayeketi juu ya kiti hiki, anasema Obedi, na watu wote wanasema abarikiwe, na Wilhelmina naye akasema abarikiwe, kwa sauti ndogo, ingekuwa vibaya kukaa kimya.

Kifuniko kikafunguka kwa kucha, bahasha ikatoka, miwani ya kusomea ikapanda puani kutoka kwenye kamba yake ya kiatu shingoni, karatasi mbili, ya kwanza ina muhuri, harakaharaka sasa, ha-ti, hati ya ndoa, nilijua, nilijua mimi… hati ya ma-u-zi-a-no, mauziano ya ki-wa-nja, kiwanja gani, anamjengea kabisa mwanaharamu huyu, mwandiko wa mtendaji umelala upande mmoja lakini herufi ni kubwa, ma-ha-li, mahali, akarudi, akaweka kidole juu ya ile herufi, siyo r, imesimama wima ina mguu wa kukunja, ni l ya lala, mahali ki-wa-nja ki-li-po, Busisi… Mahali. Mahali kiwanja kilipo. Mtu alisema mahali akimaanisha mahali, kwa mara moja maishani neno halikuhitaji r, na yeye akamrudishia r ambayo haikupotea, akaipeleka kwenye mashine ya kusaga, akaipeleka kwa Zahabia… mnu-nu-zi, nani mnunuzi, mwanamke wake atakuwa, jina lake sasa, He, Hellen, Hellen Ndalahwa. Jina la mtoto wake na jina la mume wake, yameshikana, chini yake tarehe ya wiki iliyopita, na pembeni mtendaji ameandika Alhamisi, Alhamisi ya kwaya, na sasa anakumbuka pindo la kanga ya Hellen alipokuja kuchukua watoto, mchanga umejaa kwenye pindo, mweupe, na yeye mwenyewe aliupangusa kwa mkono wake akisema huko kwaya mnaimbia chini, na Hellen akacheka mpaka akashika ukuta… makalio yale ni ya mwanangu, nimeyazaa mimi sikuyajua… mashahidi, wa kwanza, dole gumba la bluu, na jina kando yake limeandikwa na mtendaji, Ju-sta. Justa. Akainua macho juu ya miwani, Justa yule pale, amefumba, uso umetulia, alikwenda Busisi akaweka dole lake, akarudi, akasimama kwenye foleni akalamba kidole kingine, akaapa, akasikiliza uongo wote mpaka mwisho na hakusema hapana, hakusema ndiyo, na sasa hivi ana siri mbili mdomoni na hajatoa hata moja, mwanamke gani huyu, anawezaje, haumwi tumbo.

Kwa nini mama asijue, mama ana kosa gani, mama angefurahi, mama ange… na hapo Buhongwa ikamrudia bila kuitwa, mwaka juzi, kiwanja kile cha kona karibu na lami, Hellen alimwambia Jumapili baada ya misa, mama tumepata, usiseme kwanza mpaka tuandikishane, na yeye akasema mimi nimseme nani, Jumatano mwenye kiwanja akawaambia samahani kuna mtu ameshawahi, na Wilhelmina akakasirika kuliko wote, alizunguka nyumba kwa nyumba akiuliza ni mdomo gani umemwaga maneno ya mtoto wangu, alimnunia Justa mwezi mzima, alimlaani aliyesema, alimlaani kwa jina la Ndalahwa kaburini, na Hellen alikuwa amekaa anachambua mchele, akainua macho, akamwangalia, akayarudisha kwenye ungo, na yeye akadhani ni huzuni… Haikuwa huzuni. Alikuwa anajua ni mdomo wa nani. Wote walikuwa wanajua, wamejua miaka miwili, wakamwacha azunguke na laana yake mwenyewe mgongoni… na Bwana uwafungulie njia wanapokwenda, anasema Obedi, uwatangulie katika makazi mapya, naye anajua, katekista anajua, wanahama, wanavuka daraja na watoto na dude lao, nyumba hii itakuwa na mpangaji, na yeye atabaki huku anaanua nguo upande wa pili wa ukuta, anasikiliza simu za watu asiowajua, na begi la nguo za watoto liko chini ya kitanda chake, na Yeremia amekaa na fimbo anangoja Amina, na watu kumi wanangoja, wamekuja kwa wali na nyama lakini wamekuja hasa kwa hilo, kumwona Mashimba anaumbuliwa, yeye ndiye aliyewaita, mtu aliyeingia majanini miaka tisa ili yeye apite… shuka, rudisha karatasi, shuka, mwambie Yeremia ale wali wake, bado kuna muda, Obedi bado yuko kwenye taa za mbele, lakini ya pili hajaisoma, karatasi ya pili ni michoro, mistari ya rula, vyumba, na ndani ya kila chumba kuna mwandiko, huu siyo wa mtendaji, huu anaujua, ni wa Hellen wa mviringomviringo, ji-ko, jiko, kubwa, vizuri, wa-to-to, hapa wa-ge-ni, na hiki cha mwisho kina mlango wake wa nje, peke yake, kwa ajili ya mtu wa kuingia na kutoka bila kukutana na mkwe, penseli imefifia, akakisogeza kidole, akakaza macho, ma… katika jina la Yesu Kristo Bwana wetu, ma… na wote waseme…

Amina, wakasema, na macho yakafunguka, yote, ya watu ishirini na zaidi, dude linanguruma vilevile, vumbi lilelile, jua lilelile, na juu ya kiti cha Mashimba yuko mama mkwe wa Mashimba, miguu huku na huku, kitenge juu ya magoti, miwani puani, karatasi mkononi na kiboksi kimeachama mbele yake. Mashimba aliona mara moja, akageuka palepale, akavua kofia, akaishika kwa mikono miwili, akaukazia macho ukuta wa choo kama vile kuna maandishi, hawezi kuja kuzima injini, hawezi kumwambia ashuke, hawezi hata kumwangalia. Mikono ya Obedi bado iko juu. Yeremia akainuka taratibu kwa fimbo yake, akalitazama dude, akamtazama Mashimba mgongoni, akamgeukia yeye.

"Shemeji," akasema, "nimetoka Magu na basi la alfajiri kwa ajili ya mkwe wako. Sasa nianze na nani?"

Watu walikuwa wanamtazama yeye, wala hawamtazami Mashimba. Justa peke yake alikuwa anatazama chini. Na Hellen alishatoka pale mlangoni kwa jiko, anakuja katikati ya uwanja anafuta mikono kwenye kanga, hana haraka, hana hasira, akasimama kando ya tairi, akainua uso kumwangalia mama yake huko juu.

"Mama," akasema, "umesoma mpaka wapi?"

Na yeye hakushuka, kidole kimeziba kile chumba cha mwisho.